Ahadi ya Mlangoni

Mtaani walimwita Fundi, maana kabla ya kuugua alikuwa mshona nguo, na alipopona hakuna aliyejisumbua kumtafutia jina jingine. Sasa alifanya kazi kliniki ya afya ya akili. Si daktari, si muuguzi. Alikuwa ameugua mwenyewe, akalazwa katika wodi ya kliniki hiyohiyo, na siku hizi alitumwa majumbani kuzungumza na wagonjwa waliogoma kutibiwa. Wauguzi walimpenda, ila chai yake waliimimina kwenye kikombe cha peke yake.

Ndipo akapelekwa kwa mama mmoja ambaye mwanawe, mchomeleaji wa mageti, alikuwa amejifungia chumba cha uani. Dirisha amelipigilia mbao, na chakula hagusi mpaka mama akionje mbele yake.

"Mwanangu, mimi nimekwisha," mama alimwambia Fundi. "Ananiita mchawi. Mimi niliyemzaa."

Fundi alipindua ndoo, akaketi, mgongo ameuegemeza mlangoni.

"Nani hapo?" sauti iliuliza kutoka ndani.

"Mtu tu. Niliwahi kusikia redio ikinisema."

"Ilisema nini?"

"Kwamba sindano zangu zina sumu. Nikazitupa chooni zote. Cherehani nikamgawia mpita njia, na chenji nikamdai."

Mle ndani mtu alicheka kicheko kikavu, kama cha mtu aliyesahau namna ya kucheka. "Wewe ulikuwa kichaa haswa."

"Kukuzidi wewe, kaka."

Akawa anarudi kila asubuhi. Walizungumza habari za vyuma, za vitambaa, za usingizi unaokataa kuja. Mwishowe mchomeleaji akauliza swali ambalo Fundi alikuwa akilingojea.

"Nikija, watanifunga?"

"Hapana. Nitakushika mkono mwenyewe. Hakuna atakayekugusa."

Muuguzi mkuu alikuwa amemhakikishia hivyo, naye akaamini.

Siku ya kwenda, mchomeleaji alioga, akavaa shati alilomchagulia mama yake. Njia nzima alimshika Fundi mkono, kiganja kimelowa jasho. Getini walikuta mlinzi mgeni. Akataka kumpapasa mfukoni. Mchomeleaji akaruka nyuma. Mlinzi akamdaka kola. Hapo mambo yakaharibika. Mkono wa mchomeleaji ukampiga mlinzi puani, walinzi wengine wakaja mbio, wakamlaza chini na kumsokotea mkono mgongoni.

"Mwachieni! Nimemleta mimi, ni wa kliniki!" Fundi alisema, akimvuta mmoja wao.

"Na wewe kaa pembeni," mlinzi mmoja wa zamani alimjibu bila hata kugeuka. "Tunakujua."

Walimfunga kwa mkanda wake mwenyewe. Bega lilitoa mlio. Mchomeleaji hakupiga kelele. Alimtazama Fundi tu, shavu likiwa kwenye kokoto, mpaka walipomburuta ndani.

"La muhimu amefika," muuguzi mkuu alisema baadaye, akichoma sindano kwenye kichupa cha dawa.

Dawa zilimkubali. Baada ya muda alikula bila kumwonjesha mtu, akamwita mama yake mama. Mama alimkumbatia Fundi kwenye korido, akalia begani pake, akimshukuru hadi maneno yakamwishia. Lakini daktari wa mifupa alisema mkono ule hautanyanyuka tena kupita kifua. Na kila Fundi alipoingia wodini, mchomeleaji aligeukia ukuta.

Siku moja alisema bila kugeuka, "Wewe walikufunga?"

"Walinifunga."

"Nani alikuleta?"

"Kaka yangu. Aliniambia tunakwenda kununua vitambaa."

"Umemsamehe?"

Fundi alijua jibu walilofundishwa kazini, lile la kumtia mgonjwa moyo. Hakulitoa.

"Bado," alisema.

"Basi unaelewa," mchomeleaji akasema. "Usije tena."

Fundi hakwenda tena. Mchomeleaji aliporuhusiwa, mama yake alimchukua wakaondoka kwa mlango wa pembeni. Kila mwezi anakuja kuchukua dawa, anapita mbele ya benchi analokalia Fundi kama anayepita mbele ya ukuta. Geti moja tu amechomelea tangu atoke, akisaidiwa kulishikilia.

Fundi bado yuko kazini. Alimwomba muuguzi mkuu awafunze walinzi. Akaambiwa suala hilo liko juu, kwa wakubwa. Kwa hiyo akiwa mlangoni kwa mtu, akiulizwa kama watamfunga, hujibu kwamba hajui. Wachache hufungua.