Aliyeitika Mahali pa Hassani

Wajerumani walipokuwa wakitandaza reli Dodoma, jua la mwaka ule lilitucharaza kuliko nyapara wetu, na nyapara wetu hakuwa mchezo. Vyuma viliwaka hata matambara tuliyofunga viganjani yakanuka moshi. Mimi Mbwana, Mrangi wa Kondoa, nilibeba reli upande wa mbele na kuita majina. Mdogo wangu Hassani alikuwa kundini. Mama alinikabidhi nimrudishe mzima, na sikuwa na jambo jingine moyoni.

Kuita majina ndiyo kinga tuliyokuwa nayo. Mtu akizidiwa na joto hajijui. Jasho hukauka, miguu huendelea kutembea, kisha huanguka na reli ikawaponda wenzake. Kwa hiyo njiani niliita kila mmoja naye aitike, "Nipo!" Asipoitika, tunatua. Nyapara alichukia kutua. Siku Matonya, Mgogo aliyebeba nyuma, aliponyamaza, nyapara alituzuia kutua kwa kiboko, shetani yule, tukaendelea. Matonya tulimzika kando ya tuta. Kesho yake Hassani akapangwa mahali pake.

Jua lilipofika utosini nikaita, "Hassani!"

"Nipo!"

Sauti ile nzito, ya puani, haikuwa ya mdogo wangu. Wenzangu nao waliitambua, maana hatua zao zilivurugika. Nikaita tena.

"Nipo," akajibu Matonya, taratibu, kama mtu aliyekwisha kupumzika.

"Tueni!" nikapiga kelele.

Reli ikaanguka. Nyapara akanichapa, na anichape! Nilikimbia nyuma. Hassani alikuwa amesimama, ngozi kavu inawaka, midomo imegandana kwa kiu. Mdomo ule haukuwa umetamka neno. Nikamlaza kwenye kivuli cha toroli, nikammiminia maji yetu yote, nikalia bila haya.

Akafumbua macho. Furaha niliyoipata siwezi kuieleza.

"Mdogo wangu!"

Akanitazama kwa adabu, kama mtu anavyomtazama mgeni.

"Mbukwa," akanisalimu. Ni salamu ya Wagogo, na Hassani hakujua Kigogo hata kidogo.

Akainuka, akajikung'uta vumbi, akashika njia ya Mkonze, ambako mke wa Matonya alikuwa bado hajapelekewa habari za msiba. Nilimfuata nikiita Hassani, Hassani, mpaka koo likaniuma. Hakupunguza mwendo.

Nikaita, "Matonya!"

Akageuka.