Gia ya Bernadi

Rosina alikuwa amechoka. Si kuchoka kwa kazi, maana kazi ya kuziba pancha na kubadilisha spoku pale Maguu aliirithi kwa baba yake na hakuwahi kuilalamikia. Alichoka kusema. Alichoka na kaka yake Bernadi, mtu mzima na ndevu zake, na lile gurudumu lake la nyuma.

Mteremko wa Maguu unamaliza mipira ya breki upesi mno, na Bernadi alichoka kuibadilisha. Akaipeleka baiskeli Mbinga mjini kwa William, fundi wa mageti, akamwambia achomelee gia ya nyuma isizunguke bure tena. Gurudumu likienda, pedeli ziende. Ukizizuia kwa miguu, gurudumu lisimame. William, ambaye tangu azaliwe hajafungua habu, kile kitovu cha gurudumu, hata moja, akachomelea. Bernadi akarudi anapiga mluzi, akang'oa breki zote mbili na kuzitupa nyuma ya banda la nguruwe.

"Breki ni miguu yangu," akasema.

"Kaka, kilichochomelewa ni gia," Rosina alimwambia. "Gia yenyewe imeshikwa kwenye habu na uzi wa skrubu tu, kama kifuniko cha chupa ya chai. Ukikanyaga mbele unaikaza. Ukizuia miguu, unaifungua. Na wewe utazuia wapi kama si mteremkoni?"

"Wiki ya tatu hii nabeba magunia. Mbona iko imara?"

"Magunia unayapandisha! Kushuka unashuka bila mzigo, tena unazuia kwa kuburuza ndala chini!"

Rosina aliwahi kufungua habu halisi ya gia isiyozunguka bure, ya mtalii aliyekatikiwa spoku. Ilikuwa na uzi wa pili, unaokwenda kinyume, na pete yake ya kuibana gia isirudi. Ya Bernadi haikuwa na pete wala dalili ya pete. Alimchorea kwa chaki. Bernadi akatazama mchoro, akapiga miayo.

Angeachana naye, mtu akiamua kuvunjika avunjike, lakini kulikuwa na mama. Vitalia, mtoto wa mwisho, alikuwa amejifungua kule ziwani, na mama yao alitakiwa Jumamosi akamtunze mzazi. Pikipiki hapandi, ameshaapa. Kwa hiyo Bernadi angempakia kwenye keria, amteremshe hadi barabara kubwa wakasubiri basi la Mbamba Bay. Mama wa miaka sabini, juu ya gia ya William, kwenye mteremko ule!

Jumapili baada ya misa akaona liwalo na liwe, atawaonyesha watu wote. Akaiinua baiskeli ya Bernadi mbele ya kanisa, akabana tairi kwa magoti, akashika pedeli na kuisukuma kinyume kwa nguvu zake zote. Haikusogea. Akasukuma tena mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Wapi! Bernadi alikuwa ametoka kupandisha mahindi asubuhi ile ile, na kilima chote kilikuwa kimeikaza gia ikakazika.

"Jamani, mpeni fundi maji!" Bernadi alipaza sauti, na watu wakacheka. Mzee Cuthbert, mwenye mibuni pale mteremkoni, alicheka mpaka akashika fimbo kwa mikono miwili.

"Imekazwa na kilima," Rosina alisema. "Ikishuka na mzigo..."

"Basi, mwanangu," mama yake alimwambia kwa upole. "Umejaribu, umeona mwenyewe."

Upole ule ulimuuma kuliko kicheko.

Jumamosi ikafika. Mama alikuwa amevaa kitenge kipya, furushi mapajani, ameshakaa kwenye keria. Bernadi kashika usukani.

"Mama, shuka," Rosina alisema.

"Rosina, usitucheleweshe basi."

"Ombi langu la leo ni hilo, mama. Shuka kidogo tu."

Mama akashuka huku anaguna. Kabla Bernadi hajauliza, Rosina alikuwa amempokonya usukani, amefunga gunia la mahindi lililokuwa mlangoni kwenye keria, ameruka juu na kuondoka. Alimsikia akipiga kelele nyuma.

Kona ya kwanza alizuia miguu, baiskeli ikatii. Akashtuka. Je, kama yeye ndiye mjinga? Kona ya pili akazuia tena, mapaja yakawaka moto, gunia likamsukuma mgongoni, na hapo akaisikia gia chini ya nyayo zake: ikalegea. Pedeli zikarudi nyuma kirahisi, hazina kitu. Gurudumu likaendelea na safari yake. Rosina akaliita jina la Bikira Maria, akakata usukani kuingia kwenye mibuni ya Mzee Cuthbert.

Alipofumbua macho alikuwa amelala katikati ya mahindi, na mkono wa kulia, mkono wa spana, umepinda mahali pasipostahili kupinda.

Bernadi alifika anahema. Akamtazama, akamwuliza kama yu mzima, hilo tusimnyime. Kisha akaliokota gurudumu lililochomoka, akaigusa gia kwa vidole viwili, ikazunguka na kutoka kama kifuniko cha chupa ya chai. Akaigeuza huku na huku juani.

"Lakini angalia, dada," akasema, na uso ulimng'aa kabisa. "Pale alipochomelea William hapajapasuka hata kidogo!"

Rosina akaanza kulia. Si kwa ajili ya mkono.

"Usilie. Ukipona utanikazia vizuri zaidi, eh?"

Mama alikuwa ameshafika, amekuja kwa miguu. Alifungua kilemba chake, akamfunga Rosina mkono shingoni, taratibu. Halafu akamgeukia Bernadi, akainyakua ile gia mkononi mwake na kuifunga kwenye pindo la kitenge, mafundo mawili.

"Mpeleke mdogo wako zahanati," alisema. "Umbebe mgongoni."

Akajitwika furushi, akaanza kushuka mteremko kwa miguu kwenda kupanda basi, na gia akaenda nayo ziwani.