Marehemu Aliyekataa Kucheka

Mjinga wa siku hiyo alikuwa Ratemo, na hata leo ukimuuliza hakatai. Atakwambia tu kwamba ujinga wenyewe hakuuokota njiani. Aliupokea kwa simu, akaupiga pasi, akauvaa, akasimama nao mbele ya watu akijiona nadhifu.

Kazi yake ni kushika funguo za geti la soko dogo la ndizi na mboga, ukitoka Mosocho kama unayekwenda mjini Kisii. Lakini kazi iliyompa jina ni ile ya kuongoza matanga. Kuanzia Suneka mpaka ndani kabisa Nyamira, mtu akifa watu huuliza mambo mawili: atazikwa lini, na je, Ratemo amepatikana? Akishika kipaza sauti, hata mjane hujikuta anacheka, kisha anajifunika kwa leso kwa aibu.

Jumanne hiyo, saa tatu asubuhi, alifungua geti akamkuta msichana amelala chini upande wa nje. Amelala ubavu, mkono mmoja umenyooshwa kuelekea getini, mguu mmoja una kiatu na mwingine hauna. Mwili mzima, nywele mpaka kucha, ulikuwa mweupe kwa unga wa yale mawe laini ya Tabaka wanayochongea vinyago. Kando yake palikuwa na kipande cha katoni: MOSE ALILALA HAPA SAA TATU HADI SAA SABA. NAMI NALALA.

Ratemo alimjua kupitia ule unga. Alikuwa Nyanchama, anayesugua vinyago kwa msasa huko Tabaka, dadake Mose Nyangate. Mose ndiye yule kijana aliyekuwa akibeba mikungu ya ndizi hapo sokoni, akapigwa risasi mwaka jana siku ya maandamano. Nani aliyepiga, hakuna aliyesema. Ripoti ya soko iliandika kwamba siku hiyo hapakutokea lolote.

Simu ikalia. Mwenyekiti wa soko, mzee Onyiego.

"Ratemo! Nasikia kuna maiti getini. Mgeni rasmi anakuja kuzindua choo!"

"Si maiti, Mwenyekiti. Anapumua."

"Basi mwinue!"

"Nikimgusa, hawa mama wa ndizi watanimenya mimi."

Mwenyekiti akafikiri. "Wewe si unachekesha watu? Mchekeshe. Akicheka, mchezo umeisha, ataona haya aende zake. Asipotoka, niletee funguo zangu, nitampa mwingine."

Ratemo alitabasamu. Kumchekesha msichana aliye hai? Yeye aliyewachekesha wafiwa wa kata tatu?

Akaanza kwa adabu. Alichuchumaa, akavua miwani. "Hujambo, marehemu? Huko ulikofika, chai iko?"



Akaigiza mchungaji wa Kisabato anayehubiri huku njaa ikimuuma. Akaigiza shemeji aliyefika matangani amelewa akalia kwenye kaburi la jirani. Watu walikuwa wamejaa sasa, wanashika mbavu. Muuza viatu vya mitumba alicheka mpaka akaketi juu ya nyanya za mtu. Nyanchama hakutikisa hata kope.

Ratemo akaazima kuku wa Aketch, mama kutoka pande za ziwa anayeuza dagaa wa omena karibu na geti, akamweka juu ya ubavu wa msichana. Kuku alitazama kulia, akatazama kushoto, akakunja miguu, akatulia kama yuko kiotani.

"Ratemo," Aketch akasema, "hata kuku wangu amejua hapa ni matanga. Umebaki wewe."

Hapo ndipo alipofanya kosa ambalo mwongoza matanga wa Kisii hapaswi kulifanya hata usingizini. Alikwenda kuchukua kile kipaza sauti cha kutangazia wenye magari yaliyoziba njia, akakijaribu kwa kidole, akasema kwa ile sauti yake ya kazi: "Ndugu waombolezaji, naomba utulivu. Sasa tutasikia historia ya marehemu."

Alikuwa anatania. Lakini kule kwao kuna maneno ambayo yakishatamkwa, mwili wa mtu hutii kabla akili haijaulizwa. Wanaume walivua kofia. Wanawake wakaketi chini, wakanyoosha miguu. Mtu nyuma akaanza wimbo wa kanisani kwa sauti ya nne, na sauti nyingine tatu zikajitokeza zenyewe kutoka kwenye vibanda vya mboga.

"Marehemu Nyanchama," Ratemo akaendelea, akitafuta mzaha, "alizaliwa akiwa mweusi kama sisi, akafa mweupe kama—"

"Wewe momura, kijana wewe!" Alikuwa mama Persis, muuza ndizi, mwanamke ambaye hata askari humsalimia kwanza. "Marehemu si huyo. Huyo amelala badala ya nduguye. Soma historia ya Mose."

"Mama Persis, mimi nilikuwa nacheza tu."

"Na mimi nimeshaketi chini, na magoti yangu unayajua. Soma."

Historia ya marehemu ikishaanza haikatizwi. Hata mvua ikinyesha, watu husikiliza wamejifunika majani ya migomba. Ratemo akasogeza kipaza sauti mdomoni. Akasoma bila karatasi, maana alikwishaisoma mara moja, mwaka jana, mbele ya jeneza. Mose alizaliwa mtoto wa tatu. Alisoma akafika kidato cha pili, karo ikamwangusha. Alibatizwa mtoni, akamvuta mchungaji kwa bahati mbaya wakazama wote wawili. Watu walicheka hapo, na Ratemo akapata nguvu kidogo. Alibeba mikungu miwili kwa mara moja, mmoja kila bega. Alimpenda msichana wa Keroka ambaye hakujua kwamba anapendwa.

Kisha akataka kufungia hapo kwa sala.

"Ugonjwa na kifo," mama Persis akamkumbusha. Hiyo ndiyo sehemu ya mwisho, na hakuna mfiwa anayekubali kuondoka bila kuisikia.

"Alifariki ghafla," Ratemo akasema.

"Hiyo ulitusomea mwaka jana. Familia iliambiwa iandike hivyo ndipo ipewe mwili mapema. Leo mwili tayari tunao, huu hapa. Soma vizuri."

Ratemo alimtazama yule msichana mweupe. Aliutazama mkono ulionyooshwa kuelekea getini, vidole vimeachana. Hakuna picha iliyowahi kupigwa ya Mose akiwa amelala hivyo. Watu walikuwa wamejifungia ndani. Ili Nyanchama ajue jinsi mkono ulivyokaa, ilibidi aende kwa mtu mmoja mmoja, akiuliza ulichungulia wapi, uliona nini. Kwake Ratemo hakuja kuuliza. Alikuja kulala.

Funguo zilikuwa mfukoni, nzito kuliko jana. Alifikiria watoto wake wanne, akamfikiria mzee Onyiego, kisha akaona kwamba kipaza sauti bado kiko mdomoni na watu mia mbili wamevua kofia.

"Mose Nyangate hakufariki ghafla," akasema. "Alipigwa risasi ya mgongo hapa. Alikuwa anagonga geti hili, anaita jina langu. Geti lilikuwa limefungwa. Mwenyekiti aliniambia nifunge, na nilipoitwa sikufungua. Nilimtazama kwenye ufa mpaka saa saba. Huo ndio ugonjwa uliomuua."

Hakuna aliyemrukia, ingawa mwenyewe alitamani. Mama Persis alipiga ukemi mmoja mrefu wa kilio, na soko zima likampokea. Kuku aliruka akakimbilia kwenye omena. Machozi mawili yalichora mistari kwenye unga wa uso wa Nyanchama, lakini mkono wake haukusogea.

Mzee Onyiego alifika dakika kumi kabla ya saa saba, mgeni rasmi akiwa nyuma njiani. Alishuka garini akakutana na kilio. Papo hapo, kama mwanamume yeyote aliyelelewa vizuri, alivua kofia yake ya pama, akaishika kifuani, akasogea kwa hatua za taratibu akiwapa watu njia. Ndipo alipofika mbele akaona anachokiombolezea.

"Ratemo! Huu ni upuuzi gani? Leta funguo!"

Ratemo akazitoa, akampa. "Chukua, Mwenyekiti. Lakini historia nimeshasoma, na hiyo siwezi kukurudishia."

"Historia ya nani? Mtu anazikwa mara ngapi?"

Saa saba ikafika. Nyanchama akakunja mkono uliokuwa umekufa ganzi, akaketi taratibu, unga ukimdondoka mabegani.

"Mnaona?" Onyiego akawageukia watu, kofia bado i kifuani. "Mzima wa afya! Mnalia bure. Niliandika mwaka jana, na leo narudia: hakuna mtu aliyewahi kufa kwenye geti hili!"

Nyanchama akajifuta macho kwa kiganja cheupe, akamtazama kuanzia viatu mpaka kwenye upara.

"Basi mzee, hiyo kofia umemvulia nani?"