Mazoezi ya Maji

Siku ya mtihani wa vitendo mwalimu wa somo haruhusiwi kuingia. Kwa hiyo mwalimu wa kemia alisimama nje ya dirisha la maabara, paji la uso likigusa nondo, akawatazama wanafunzi wake wakishika alkali halisi kwa mara ya kwanza.

Mwaka mzima walifanya mazoezi kwa maji ya bomba. Alipoomba kemikali, mkuu wa shule alicheka.

"Mwalimu wangu, zile za kabatini ni za wakaguzi. Wakikuta chupa tupu, utawaonyesha meno?"

"Basi hata vile vimpira vya kuvutia maji kwenye mirija ya pipeti, mkuu. Watoto wanavuta kwa mdomo."

"Mtihani unauliza rangi. Wafundishe rangi."

Akawafundisha rangi. Wakazikariri kama kasuku, na aliyewashinda wote ni binti wa meza ya mbele, waliyemwita Profesa. Mama yake, mfua nguo za watu, alimwambia mwalimu, "Ndiye jicho langu huyu. Nimekukabidhi."

Sasa Profesa aliitia pipeti mdomoni, akavuta kwa nguvu, bila woga, kama alivyozoea kuvuta maji. Alkali ikapanda, ikapita alama ya kipimo.

Mwalimu aligonga kioo. "Tema! Tema, mwanangu!"

Msimamizi wa mtihani akageuka. "Unawapa majibu?"

"Inaunguza ile! Mpe maji!"

"Mwalimu, neno jingine moja, nafuta mtihani wa chumba kizima."

Vichwa vyote viliinuka vikamtazama mwalimu. Akafumba mdomo. Binti alikohoa, macho yakamjaa machozi. Mwalimu akamwonyesha bomba kwa kidevu. Binti akalitazama bomba, akamtazama msimamizi, akameza mate kwa shida, akaendelea na kazi.

Alipodondosha kiashiria, ile dawa ya kuonyesha rangi, chupa yake iligeuka waridi. Minong'ono ikapita mezani. Kumbe ndiyo hii! Profesa naye akatabasamu kwa midomo iliyokwisha kuvimba.

Kengele ilipolia, mkuu alikuwa mlangoni na funguo zake.

"Haya, Profesa wetu! Rangi gani imetokea?"

Binti akafungua mdomo. Sauti haikutoka. Akajaribu tena, mkono kooni, huku mwalimu akimkimbilia na kikombe cha maji.

"Ana haya huyu," mkuu alisema. Akakusanya chupa zilizobaki, akazipanga kabatini, lebo zikitazama mbele, akafunga kufuli.