Kura ya Kumpokea Mogaka

...au nyeupe iko kushoto, hapana, kulia, nyeupe ilikuwa kulia, lakini alipotoa kitambaa kujifuta jasho alizihamisha, halafu akazihamisha tena, na sasa Johana Kipkirui alikuwa amesimama mbele ya sanduku la kura la lodge yao, chama chao cha ndugu wanaokutana faraghani, ngumi mbili zimefungwa, gololi moja katika kila ngumi, na mtu haruhusiwi kufungua ngumi mbele ya ndugu zake, basi akalegeza vidole kidogo tu, kwa kuiba, nyeupe kulia, haya, kulia ni ndiyo, kushoto ni hapana, mikono yote miwili inaingia chini ya pazia kwa pamoja, moja unaitia kwenye tundu la sanduku na hiyo ndiyo kura yako, nyingine unaitupa kwenye mfuko wa kitambaa, hakuna anayeona, hakuna anayeuliza, na nyeusi moja, moja peke yake, inatosha kumrudisha mtu nyumbani... “Ndugu Johana, hatuna haraka,” alisema mwenyekiti, Alexander, kwa sauti ya mtu mwenye haraka sana, na wale wengine kwenye viti wakacheka kwa pua, na kwa nini wasicheke, si ni yeye Johana aliyelileta jina la Mogaka, si ndiye aliyesimama mwezi uliopita akasema huyu ni jirani yangu, ni mtu wa watu, mpokeeni, sasa mleta jina mwenyewe ameganda mbele ya sanduku kama ng’ombe aliyefikishwa darajani, na jina lenyewe hakulileta kwa kujipendekeza, lilijileta, ile Jumamosi ya huduma walipokwenda kupaka rangi wadi ya watoto hospitalini, Mogaka hata si mwanachama, alifunga duka lake pale Ndanai akaja na brashi yake, akapaka ukuta wote wa madirishani huku akiwaimbia watoto nyimbo za Kikisii, watoto hawaelewi hata neno, wanacheka mpaka sista akaja kuwanyamazisha, na njiani wakirudi akamuuliza Johana, kwa aibu, akitazama nje ya gari, Baba Cheptoo, nyinyi huwa mnafanya nini huko ndani kila mwezi, na mtu kama mimi anaweza kuingia?

Huko ndani, ee, watu wangejua, watu wanasema huko ndani wanakunywa damu ya mbuzi, wanalala kwenye jeneza, tangu redio ianze habari za ibada za shetani mwana-lodge hana raha hata ya kwenda posho mill kusaga mahindi, na hiyo damu iko wapi, kuna chai na mandazi, kuna ubishi wa mabati ya zahanati usioisha, kuna Alexander anasinzia kumbukumbu zikisomwa, shetani akija hapa ataomba ruhusa atoke mapema... lakini Bochaberi haoni mandazi, mke wa Mogaka, yeye anasikia yanayosemwa nyuma ya kanisa, na juzi alimvizia Johana pale kituo cha kupimia majani chai, kikapu mgongoni, hata hakumsalimia, mwanamke ambaye salamu zake huwa hazina mwisho. “Baba Cheptoo, hiyo kura yenu, mkatae mzee wangu,” akasema. “Wewe wakikuita mtu wa shetani utakasirika kidogo, utaenda kulala. Hapa ni kwenu, shamba ni ya babu yako. Sisi wakituita hivyo, wamepata sababu ya kutufukuza. Na hii uchaguzi inakuja.” Naye akajibu nitaona, Mama Ombati, nitaona, akatazama mizani kana kwamba majani ni yake... basi nyeusi, imekwisha, ni huruma, wala si kumkataa, ni kumkinga, mama wa watoto ameomba mwenyewe, nani atakulaumu... lakini Mogaka, Mogaka yuko hapo nje kwenye veranda na suti ya harusi yake, akiambiwa mlango haujafunguka atasema nini, atasema Wakipsigis wamenikataa, atawapitia mmoja mmoja kichwani, na sokoni kila uso atauuliza, ni wewe, na atakuja kwa nani na uchungu huo kama si kwa Johana, na Johana atamkaribisha chai, atamwambia pole, ndugu yangu, hata mimi sijui ni nani, akimtazama machoni, Mungu wangu, akimtazama machoni... basi nyeupe, mtu mzima anajua anachokitaka, nyeupe, na duka likichomwa je, na huyo mama anayelala akisikiliza mbwa, wewe utamwambia nini, kwamba tulikuwa na mandazi?

Akaingiza mikono chini ya pazia, yote miwili, na humo ndani mlikuwa na joto, akasimama hivyo... mbona anasumbuka, si aliwahi kuwasaidia Mogaka na watu wake, mwaka wa tisini na mbili, wakati wa mapigano ya kikabila, moshi ulipoonekana upande wa mpakani, nani aliyeleta pikapu ya maziwa, ni yeye, akawapakia wote, na godoro moja, akawapeleka mpaka kwao Kisii huku mkono wake ukiwa kwenye honi, na kanisani alisifiwa, na waliporudi walikuta nyumba haina mlango wala mabati, lakini walirudi wakiwa hai, na hilo ndilo alilomkumbusha Bochaberi juzi, usiogope Mama Ombati, si niliwaokoa, na Bochaberi akashusha kikapu chini, akamtazama. “Ulitusaidia, Mungu akubariki,” akasema. “Lakini hatukutaka kutolewa, Baba Cheptoo. Tulitaka mtu akae na sisi.” Naye akajifanya hajasikia, akauliza bonasi ya chai mwaka huu ni kiasi gani... kutolewa, na hii nyeusi ni nini basi, si kumtoa tena, kwa wema, bila kumuuliza... ngoja, lakini ni Bochaberi huyo huyo aliyeomba, anataka watu wakae naye halafu anaomba mumewe akataliwe, haiingii akilini, haiingii, labda... labda ameshampima Johana akajua kipimo chake, ameona mtu huyu kazi yake ni kuendesha gari, kukaa hawezi, basi heri amwombe lile analoliweza.

Huko nje Mogaka alikuwa akimtania mlinzi kwa Kikipsigis, kile Kikipsigis chake kilichonyooka kuliko cha watoto wa Johana, mlinzi anacheka, “Ndugu Johana,” Alexander akaita tena, safari hii taratibu, kama anayemwamsha mgonjwa, na mikono bado ilikuwa chini ya pazia, ngumi mbili, hakuna iliyofunguka, na Johana akaona wazi, jambo la kwanza kuliona wazi tangu asubuhi, kwamba hakuwahi kumwogopea Mogaka, ni ile nyeupe aliyokuwa akiiogopa, kwa sababu ukishampokea mtu akawa ndugu yako huna tena pa kumpeleka, siku wakija utasimama naye hapo hapo, nawe ni wa kabila la hao hao wanaokuja, watakuita kwa jina lako, na yeye, mbele ya Mungu, hakujua kama angesimama.