Chafya ya Chepkemoi

Mtoto wa Edinah alikuwa ameota meno mawili na bado hajaitiwa jina. Kijiji kizima cha Boito kilijua, na Boito ikijua jambo, usitarajie itanyamaza. Sawa, aliitwa Chepkemoi kwa sababu alizaliwa usiku. Hilo halihitaji mkutano. Lakini jina lile lingine, ambalo kina kogo, nyanya wa ukoo, huketi wakalitafuta kwa kutaja majina ya waliokufa, moja moja, mpaka mtoto apige chafya na watu wajue ni nani amerudi nyumbani, hilo hakuwa nalo. Hata watu wa kanisa walifanya hivyo, na pasta mwenyewe alikunywa mursik, maziwa ya mgando ya kibuyu, siku kama hiyo.

Edinah hakukosa sababu. Kwanza mvua ya El Niño ilikuwa imekata barabara, wazee watapitaje? Mvua ikaisha, majani ya chai yakafurika, nani ana nafasi ya kupika? Halafu mtoto ana homa. Halafu Kipkurui, mumewe, aliyefanya kazi kiwandani, hajapata ruhusa. Kipkurui akapata ruhusa, akaja, akakaa, akarudi kazini, na mkewe bado anasema wiki ijayo. Ukweli aliujua peke yake. Aliogopa jina moja.

Tapkigen, marehemu mama mkwe wake. Nyumba yake ya nyasi ingali pale, ng'ambo ya shamba la chai, mlango umefungwa kwa waya. Walikosana juu ya kibuyu. Wageni walikuja, mama mkwe akaleta maziwa, na Edinah akasema mbele yao kwamba siku hizi watu hunywa kwa vikombe safi, si kwa hicho kitu kinachonuka. Mdomo ule! Tapkigen alimkazia macho. Alibeba kibuyu chake akaenda kwake, na hakukanyaga tena jikoni kwa Edinah.

Mwaka huo huo akaugua. Rebeccah, wifi yake Tapkigen, ndiye aliyemuuguza, na ndiye aliyekuja mlangoni kwa Edinah.

"Anakuita," alisema. "Anataka maziwa ya mkono wako."

"Kesho, shangazi."

Si kwamba alikataa. Asubuhi alijaza kibuyu, akafika katikati ya chai, akayafikiria yale macho, akarudi. Akasema tena kesho. Kila siku alikijaza, na kila siku maziwa yakaishia kwa ndama. Kilio kiliposikika kutoka ng'ambo, alikuwa bado amekishika mkononi.

Tangu hapo nyumba yake ilinuka mkaa wa kusugulia kibuyu, ingawa vibuyu vyote alikwisha kuvigawa. Upepo ukitoka upande ule, mtoto hupiga chafya, na Edinah humfunika pua kwa leso. Yuko hapo, alijiambia. Anangoja tu kutajwa. Akitajwa ataingia kwa mtoto wangu, na atanitazama kwa macho yale mpaka nizeeke.

Mwishowe Rebeccah hakuuliza tena jina litaitwa lini. Jumamosi moja alikuja na kina kogo wawili na ugoro wake, akamchukua mtoto, akaketi.

"Mama Chepkemoi, kaa chini," akasema, na Edinah akakaa.

Ugoro kidogo puani mwa mtoto. Jina la kwanza lilikuwa lile lile.

"Tapkigen, ni wewe?"

Edinah alifumba macho. Chafya haikuja. Alipoyafumbua, mtoto alikuwa akichezea shanga za Rebeccah. Tapkigen akaitwa tena, na tena. Hakuna kitu.

Hapo ndipo Edinah alipaswa kumshukuru Mungu. Badala yake alisikia uchungu ambao hakuwa ameulilia siku ya mazishi. Akasogea kwa magoti mpaka karibu na mtoto.

"Mama," akasema. "Mama Tapkigen, ni mimi, Edinah. Njoo. Maziwa yako tayari."

Mtoto alimtazama kwa macho ya mtoto tu. Edinah akaita tena, sauti ikakatika, na kina kogo wakaangalia chini.

"Inatosha," Rebeccah alisema polepole, akaendelea na majina mengine. "Taprandich?"

Huyo alikuwa ndugu wa zamani sana, hakuna aliyeikumbuka sura yake. Chepkemoi akapiga chafya. Wazee wakacheka, mursik ukamiminwa.

Edinah alimshika Rebeccah mkono. "Shangazi, labda ule ugoro haukuwa mkali. Tujaribu tena kesho."

"Kesho ya nini? Mtoto ana jina." Rebeccah alimrudishia binti yake. "Yule alikungoja sana, Edinah. Sasa mwache apumzike."

Upepo uliingia mlangoni kutoka ng'ambo ya chai. Edinah alivuta pumzi, akavuta tena. Haukuwa na harufu yoyote.