Mshono Mbaya wa Binti Radi

Fundi alikuwa na miaka thelathini na miwili kwenye cherehani, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kukaa mbele ya televisheni mikono mitupu. Alitazama huku akishona vifungo, huku akifumua, huku akikunja mapindo ya suruali za watu. Kwa hiyo watu walidhani hatazami. Hata binti yake wa mwisho, ambaye hakuna aliyemwita jina lingine ila Kitinda, aliamini kwamba mama yake hukaa naye kila Jumamosi saa kumi jioni ili tu asimwache peke yake.

Kumbe Fundi alikuwa akimfuata Binti Radi tangu msimu wa kwanza, na hakuna lililompita.

Huyu Binti Radi alikuwa shujaa wa mchezo wa televisheni: msichana anayedaka radi kwa viganja, mwenye joho la kijivu linaloburuza nyuma yake. Adui yake aliitwa Saa Mbovu, na ubaya wake ni kwamba aliweza kurudisha wakati nyuma. Ukimshinda asubuhi, adhuhuri anaigeuza ile asubuhi mnaanza upya. Misimu mitatu mizima wakati ulikuwa ukirudishwa na kupelekwa, mpaka watazamaji wakazoea kuchanganyikiwa. Asiyeelewa alijilaumu mwenyewe.

Ndipo ikaja sehemu ya kumi na moja, ya mwisho kasoro moja.

Ilikuwa na vipande vinne, na kati ya kipande na kingine matangazo. Katika kipande cha kwanza Binti Radi aliingia mgodini alikofungwa kaka yake. Katika cha pili, wametulia kando ya mto, yeye na kaka, Saa Mbovu amekwisha kufa, na kaka ameinama analishona joho la dada yake kwa mwiba na uzi mwekundu alioufumua kwenye shati lake. Katika cha tatu, kaka huyohuyo yuko mgodini, minyororo miguuni, na Saa Mbovu mzima wa afya anapigana na Binti Radi hadi mwamba unamwangukia. Katika cha nne wako nyumbani, mama yao anawakumbatia.

Kitinda alibaki mdomo wazi. "Mama, umeelewa kitu hapo?"

"Nimeelewa kwamba huyo kijana hajui kushona," Fundi alisema, akakata uzi kwa meno.

Kitinda alikuwa muuzaji kwenye duka la dawa, na baada ya kazi alikuwa mmoja wa viongozi wa kundi la wapenzi wa Binti Radi, watu zaidi ya mia tatu kwenye simu. Jioni ile simu yake haikupumua. Mmoja alisema yule wa mtoni ni pacha wa kaka. Mwingine akasema ni ndoto. Mwingine, mwenye hasira, akasema waandishi wameishiwa na sasa wanatupikia maji. Kulipokaribia kucha akaingia Profesa, na watu wakaacha kubishana wasome.

Profesa alikuwa mwalimu wa udereva. Jina la Profesa alipewa kwa sababu hakuna jambo ambalo hakuweza kulieleza kwa aya saba. Usiku kucha, ilionekana, alikuwa ameandika: kwamba pale mtoni Saa Mbovu alikuwa amekufa kweli, lakini pumzi yake ya mwisho ikaugeuza wakati, kaka akarudi minyororoni, vita ikapiganwa mara ya pili, na baadaye mambo yote ya mtoni yakatokea tena bila sisi kuonyeshwa. Kundi zima likamvulia kofia.

Asubuhi, Kitinda alimsomea mama yake aya zote saba wakati Fundi akipaka mafuta cherehani.

"Hapana," Fundi alisema.

"Hapana nini, mama?"

"Hakuna kilichorudi nyuma. Wamekosea kupanga. Kile cha tatu kilipaswa kutangulia, cha pili kikafuata. Mkubwa amevaa kiatu cha mdogo." Akafuta mikono. "Hebu nirudishie pale mgodini."

Kitinda alikuwa ameirekodi sehemu nzima. Fundi akamwonyesha kwa ncha ya mkasi. Katika vita ya mgodini joho lilinasa kwenye chuma likachanika karibu na pindo, mchaniko uliopinda kama kiwiko. Kule mtoni, kaka alikuwa akishona mchaniko huohuo. Na nyumbani, mama yao alipopitisha mkono juu ya joho, uzi mwekundu ulikuwa palepale.

"Linachanika, linashonwa, linavaliwa," Fundi alisema. "Nguo haijui kusema uongo."

Kitinda aliichukua simu yake. Akamwomba mama yake aseme vilevile, akamrekodi, akautuma ujumbe kwa kundi.

Jibu la Profesa halikuchukua hata dakika moja. "Tunamshukuru mama yetu," aliandika, "lakini tunaomba mambo ya cherehani tuyaache kwenye cherehani. Wakati uliporudi, joho lilishonwa tena. Ni rahisi." Chini yake zikamiminika nyuso za kucheka, arobaini na kitu.

Kitinda alisimama akitafuta viatu. Alikuwa anakwenda wapi hata mwenyewe hakujua.

"Kaa, mwanangu," Fundi alisema.

"Amekutukana, mama."

"Hajanitukana. Amesema joho lilishonwa tena. Hilo ni neno la kazi yangu, na mimi nitamjibu kwa kazi yangu. Mnakutana lini?"

Viongozi na wapenzi wa karibu walikutana Jumapili hiyohiyo mchana, kwenye chumba kilicho juu ya duka la mikate. Kitinda alimwambia mama yake si lazima aende. Kusema kweli alikuwa na hofu, na hofu yenyewe ilimwaibisha: aliwaza gauni la mama lenye vipande vya nyuzi, na miwani yake iliyofungwa kwa kamba, mbele ya wale vijana waliozoea kusema kwa aya. Fundi aliona. Alivaa gauni lilelile, akachukua kipande cha kitambaa cha marekani, sindano mbili, na uzi mwekundu.

Walikuwa kama watu thelathini. Profesa alikuwa mtu mzima mwenye tumbo la kukaa garini, na Fundi alipoingia alisimama akampa kiti chake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Wewe ndiye unayesema lilishonwa tena?"

"Ndimi," alisema, akitabasamu kidogo. "Sikukusudia kukuvunjia heshima."

"Haijavunjika. Umewahi kushona?"

"Kifungo. Kimoja. Kikatoka."

Watu wakacheka. Fundi akalikata marekani mara mbili, michaniko miwili iliyopinda kama kiwiko, sawasawa kwa ukubwa. Akatia uzi kwenye sindano akampa. "Shona huo wa kwanza."

Profesa alishona. Alishona akiwa ametoa ulimi nje kama mtoto wa darasa la kwanza, na hakuna aliyemharakisha. Alipomaliza Fundi akauficha mshono ule chini ya kiganja, akamwambia ashone wa pili vilevile, asibadilishe kitu. Akashona. Kisha Fundi akaiweka yote miwili juu ya meza, watu wakasogea.

Haikufanana hata kidogo. Mmoja ulikuwa na mishono minane, mwingine kumi na miwili. Mmoja ulikwenda kushoto kama mlevi, mwingine ulijikusanya katikati ukafanya uvimbe.

"Mshono mzuri hata watu mia watakushonea ukafanana," Fundi alisema. "Ndiyo maana ya uzuri wake, una kanuni. Mshono mbaya hauna kanuni. Mtu asiyejua kushona hawezi kukosea vilevile mara mbili." Akamgeukia binti yake. "Mwanangu, watolee picha."

Kitinda alikuwa amezichapisha picha mbili kubwa, moja ya mtoni, nyingine ya nyumbani kwa mama yao. Akaziweka kando kwa kando. Fundi akahesabu kwa sauti, kidole kikipita juu ya karatasi: mishono kumi na mmoja huku, kumi na mmoja kule. Wa sita umerukwa, huku na kule. Wa tisa umepinda, huku na kule. Fundo la mwisho limefungwa nje badala ya ndani, huku na kule.

"Huu ni mshono mmoja. Umeshonwa siku moja."

Msichana mmoja nyuma akainua mkono. "Lakini mama, kama wakati umerudi kweli, si na mkono wa kaka ungerudi vilevile? Akosee palepale?"

Lilikuwa swali zuri, na Kitinda alimgeukia mama yake.

Fundi alifikiri. "Hilo sijui," alisema. "Mambo ya wakati ni yenu. Mimi ninaujua mkono. Lakini kabla ya kusema ulimwengu umegeuka, mimi huuliza kwanza kama aliyenifungia mzigo hakukosea. Ulizeni kituo. Wao ndio wenye kanda."

Watu walimgeukia Profesa. Alikuwa bado ameshika marekani yake, anatazama ule uvimbe. Angeweza kubisha, na wengi wangemfuata, kwa kuwa alikuwa na maneno na walimpenda.

"Kitinda," alisema mwishowe, "barua utaiandika wewe au niandike mimi?"

"Nitaandika mimi," Kitinda alisema. "Wewe utaandika aya saba."

Aliandika mistari tisa. Aliweka picha mbili, na chini akaeleza nani ameona na kwa jicho gani: fundi cherehani wa miaka thelathini na miwili, mama yangu mzazi. Alilifuta neno "mzazi" kwa kuona limejaa majivuno, kisha akalirudisha.

Siku mbili zikapita. Siku ya tatu mchana, duka la dawa likiwa na foleni, simu yake ikalia. Alikuwa mama mmoja wa ofisi ya vipindi kule kituoni, sauti ya uchovu na uungwana. Walikuwa wameikagua kanda. Vipande viwili vya katikati vilipakiwa kinyume. Kati ya malalamiko mia mbili na zaidi waliyopokea, alisema, watu walilalamikia waandishi, walilalamikia waigizaji, wengine walisifu. Ni barua moja tu iliyowaambia wakague kanda. "Mwambie mama," akasema, "sisi hapa tuna wahariri wawili na hawakuona."

Kitinda alimwomba mteja wa mbele amsamehe dakika moja, akaingia stoo, akasimama katikati ya maboksi ya pamba mpaka macho yalipokauka.

Jioni ile, kabla ya taarifa ya habari, kituo kiliomba radhi na kutangaza kwamba sehemu ya kumi na moja itarudiwa Jumamosi kwa mpangilio wake, na kikamshukuru "mtazamaji wetu, fundi cherehani." Fundi alikuwa akipiga pasi kola. Aliinua kichwa, akasikiliza mpaka mwisho, akarudi kwenye kola. Lakini aliipiga pasi kola ileile mara tatu.

Jumamosi watu walijaa juu ya duka la mikate hadi kwenye ngazi. Profesa alikuwa ameleta televisheni kubwa kutoka chuo chake cha udereva, na kiti cha mbele kabisa akakizuia kwa mkoba wake mpaka Fundi alipofika. Safari hii kipande cha mgodini kilikuja cha pili. Joho likanasa, likachanika, na chumba kizima kikavuta pumzi pamoja. Mwamba ukaanguka. Kisha ukaja mto.

Sasa jambo lilieleweka. Kijana aliyetoka minyororoni, hajawahi kushika sindano maisha yake, anavunja mwiba na kulifumua shati lake pekee ili dada yake asirudi nyumbani amechanika. Mtu mmoja, na wengine walisema ni Profesa, alipenga kamasi.

"Mama," Kitinda alinong'ona, "mshono wake ni mbaya kweli."

"Mbaya sana," Fundi alisema. "Lakini umeshika."

Mikono yake ilikuwa imetulia mapajani, bila sindano wala kitambaa. Watu waliochelewa mlangoni waliulizana yule mama wa mbele ni nani, na Kitinda, ambaye hakuwa ameulizwa, aligeuka akawajibu.